Alama ya Kuuliza

Kitu cha kwanza kuingia kinywani mwangu
kilikuwa tende.
Babu aliitafuna ikalainika, akanipaka ufizini
kama ilivyo sunna. Nyumba nzima ikaitikia dua,
nami nikatapika.
Jicho, wakasema. Wakafukiza ubani.

Miaka thelathini na mmoja nimekaa na jicho hilo.
Nimekaa nalo Ibra, mbele ya sinia za halwa ya zafarani,
nimelibeba mpaka Al-Khudh, kwenye nyumba
ambayo Kiswahili chetu kimebaki jikoni
na Kiarabu ndicho kinachopokea wageni.

Washauri sikukosa.
Shangazi Ghaniya: asali ya mlimani, kijiko kimoja alfajiri,
asali haijamdhuru mtu.
Muuza dawa wa Ruwi: dawa hii ya maji, kutwa mara tatu.
(Tamu kama kashata. Ilinilaza siku mbili.)
Jirani: funga Jumatatu na Alkhamisi.
Jirani mwingine: olewa.
Na daktari mwenye haraka, watu wamemjalia mlangoni,
akanipa karatasi ya wagonjwa wa kisukari:
acha sukari, kula matunda.
Nikamtii. Nikala matunda.
Usiku ule mikono ilinitetemeka
nikashindwa kufunga kifungo.

Aliyeanza kuona alikuwa daktari wa meno.
Akamulika, akanyamaza, akamulika tena.
"Huna tundu hata moja. Kwani hupendi tamu?"
Nikamwambia, tamu ndiyo hainipendi.
Akaacha kucheka. Akaandika barua.

Damu yangu ikapanda ndege, mimi sijapanda.
Jibu likarudi baada ya miezi minne
na jina la ugonjwa refu kuliko langu
ukiongeza babu zangu watatu.
Lakini jina halipikwi.
Nilitoka nalo hospitali saa saba mchana, lami inachemka,
na nyumbani mama ananiuliza:
basi leo nikupikie nini?

Ndipo nikapelekwa kwa Bi Rosamma,
chumba cha mwisho, jirani na stoo ya mashuka.
Mtu wa Kerala, Kiarabu chake kinachechemea
lakini kinafika.
Nikamuuliza, kitunguu je?
Akavua miwani.
"Sijui," akasema. "Nipe wiki mbili niwaulize wanaojua."

Neno hilo sikuwahi kulisikia
kutoka kwa mtu aliyeketi upande ule wa meza.
Nusura nimbusu mkono.

Wiki mbili zikawa tatu. Akanipa daftari.
Wali, ndiyo. Nguru, jodari, ndiyo, bila ukwaju.
Mayai. Maziwa. Kahawa chungu na iliki yake, unywe.
Dawa yoyote ya maji, nipigie kwanza.
Tende: hapa kalamu ilisita, wino umefanya doa.
Hapana. Hata moja.
Kitunguu: alama ya kuuliza.
Tui la nazi: alama ya kuuliza, na chini yake namba ya simu.

Zile ndiyo na hapana nilizishukuru.
Alama za kuuliza ndizo zilizonifanya niziamini.

Idi tulikwenda Ibra.
Shangazi akanishikia sahani ya khalasi, zinang'aa,
mkono wake umeganda hewani, wanawake wote wananitazama.
"Moja tu, mwanangu. Ya baraka."
Nikafungua mdomo nieleze, na lile jina refu
likanikwama kama mwiba wa samaki.

Mama, ambaye hajapata kumbishia wifi yake
tangu siku alipoolewa,
akanyoosha mkono, akaichukua ile tende,
akaila yeye.
"Yangu na yake," akasema kwa Kiswahili, sebuleni.
Akaitema kokwa kiganjani, taratibu,
akaomba kahawa.

Nami nikanywa yangu, chungu, kikombe cha tatu,
kisha nikakitikisa, kama desturi,
kwamba imetosha.

Kitunguu tumeshakijua: hapana.
Tui la nazi, Bi Rosamma bado anauliza.
Mama anapika wali mweupe, ananing'unikia,
na kila jioni ananiuliza kama simu imelia.